Vyungu Vilivyoandikwa Majina ya Watoto

Nina daftari la majira. Nililianza mwaka nilipokubali kufundisha watoto wadogo katika shule shikizi ya kijiji chetu, upande wa Handeni. Shule yenyewe ni madarasa mawili yaliyojengwa na wazazi ili watoto wasitembee mwendo mrefu hadi shule mama. Sikusomea ualimu. Niliishia darasa la saba huko Kerenge, kisha nikajisomesha kwa vitabu vya kuazima, na mengine nikajifunza kwa kujaribu na kuandika kilichotokea. Daftari hilo linaonyesha ni kitu gani kinapatikana bure katika mwezi gani. Mavuno yakiisha kuna mabua ya mahindi, na watoto hutengeneza miwani, vitanda na magari. Kiangazi kuna mbegu, maganda na sufi iliyopasuka. Masika kuna udongo wa kufinyanga.

Ninaandika habari za udongo kwa sababu mwaka jana tulifanya jambo la aibu, na kila ninapolisimulia watu hucheka. Mimi sioni cha kuchekesha.

Udongo sichimbi mwenyewe. Shimo liko bondeni na ni la kina mama wafinyanzi. Mwanamume hafiki pale wakati wa kuchimba, wala hasogelei moto wakati vyungu vinachomwa. Mwaka wa kwanza niliambiwa nikadhani ni maneno tu. Nilichukua jembe na ndoo, nikaenda. Bibi mmoja mfinyanzi, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, alinikuta nimezama magotini.

"Wewe mwalimu, nyumbani kwako hakuna mwanamke?"

"Yupo, bibi. Shikamoo."

"Shikamoo ya shimoni siitikii. Toka kwanza, ndipo uniamkie."

Nilitoka, nikamwamkia, akaitikia. Lakini udongo nilikuwa nimeshauchukua, na mwaka ule kazi zote za watoto zilipasuka motoni. Bibi alisema ni kwa sababu umechimbwa na mwanamume. Mimi nilidhani mchanga ulikuwa haba na tulikausha kwa haraka. Mwaka uliofuata nilimwagiza yeye achimbe, nikaongeza mchanga, nikakausha polepole, na hakikupasuka hata kimoja. Kwa hiyo mpaka leo sijui dawa ilikuwa ipi, maana nilibadilisha mambo matatu kwa mpigo. Ni kosa la mtu anayejifunza bila mwalimu. Tangu hapo husimama barabarani na toroli nikingoja kuletewa. Shimo ni lao, na kwangu sababu hiyo inatosha.

Kila mtoto hupewa donge la ukubwa wa ngumi mbili. Sheria ni moja, nimeiandika kwenye jalada la daftari: mkono wa mtu mzima hauingii kwenye udongo wa mtoto. Sheria hiyo nilifundishwa na mtoto wa miaka mitano. Alikuwa amefinyanga ng'ombe, mguu mmoja mfupi, ng'ombe akawa anaegemea upande. Nikaubana ule mguu kwa vidole viwili, nikaurefusha kidogo, ng'ombe akasimama. Mtoto alimtazama, akamsukuma kuelekea kwangu. "Chukua," alisema. "Sasa ni wako." Hakumgusa tena. Tangu siku ile, wakifinyanga, mimi hutembea nimefunga mikono nyuma.

Kazi zikimalizika hukaushwa kwa siku saba au nane. Jua la masika halina ahadi, kwa hiyo tunazipanga kwenye uchaga juu ya meko, katika kibanda cha mama anayepika uji wa watoto. Huyu mama ana ulimi.

"Mwalimu," aliniambia mwaka jana, "hizi pikipiki zako zimejaza jiko langu. Kuanzia kesho nazitoza ushuru wa maegesho."

Alikuwa na haki ya kulalamika. Watoto walikuwa ishirini na sita, na uchaga ulibeba pikipiki kumi na tisa, simu nne, ng'ombe wawili, na kitu kimoja kirefu chenye matundu ambacho mwenyewe alisema ni mvua. Sikuwaambia wafinyange nini. Siku zote huwaambia wafinyange walichokiona wakija shuleni, na kinachopita njia ile tangu alfajiri ni pikipiki.

Mmoja wa waliofinyanga pikipiki alikuwa binti wa miaka sita. Tangu aanze shule mwezi Januari, neno lake lilikuwa moja: siwezi. Ukimpa penseli, anampa jirani yake amwandikie. Ukimpa kamba ya kufunga bua, anainyoosha kwako na kungoja. Hakuwa mgonjwa wala mzito wa akili. Nyumbani alikuwa mdogo wa mwisho, na dada zake walimfanyia kila kitu kwa upendo, hadi kufunga vifungo vya sare. Niliandika jina lake kwenye daftari na chini yake mstari mmoja: amalize kitu kimoja kwa mikono yake. Nilikuwa namngoja masika.

Pikipiki yake ya kwanza ilianguka, maana magurudumu ya udongo mbichi hayabebi mzigo. Ya pili ilianguka. Alinitazama. Mikono yangu ilikuwa nyuma. Mtoto aliyekaa karibu naye alimcheka.

"Yako imegongwa na lori."

"Haijagongwa. Imelala."

"Pikipiki hailali. Na haina hata taa, trafiki atakukamata."

Binti aliinua pikipiki iliyoanguka, akaikagua kwa chini. Kisha akachukua kipande cha udongo, akakiviringa kama soseji nene, akakisimamisha chini ya tumbo la pikipiki, kati ya magurudumu. Ikasimama. Ilikuwa stendi, na hakuna aliyemwonyesha. Baada ya hapo hakushikika. Akaweka dereva, nyuma ya dereva akaweka mama, mgongoni kwa mama akaweka mtoto, na pajani kwa mama akaweka kuku. Kichwa cha kuku kilikuwa kikubwa kuliko cha dereva.

"Wamepanda mishikaki," alinitangazia. Ndivyo watu wanavyosema abiria wakibanana kwenye pikipiki moja. Kisha akasema, "Nimeweza mwenyewe."

Niliandika sentensi hiyo na tarehe yake. Sijawahi kupokea mshahara ulionifurahisha kiasi hicho.

Tulizichoma kazi zile Ijumaa, yaani walizichoma wale kina mama, mimi na watoto wa kiume tukiwa upande wa pili wa madarasa. Jumatatu yake akaja mwalimu mkuu wa shule mama, ambaye ndiye msimamizi wetu. Ni mtu mwenye bidii, simsingizii. Alikuja na barua. Kungekuwa na maonyesho ya kazi za mikono za madarasa ya awali mjini Korogwe, na kila shule ingepeleka meza moja. Nilifurahi, nikampeleka jikoni nikamwonyesha uchaga, tuliporudisha kazi zilizochomwa.

Aliinua pikipiki ya yule binti, akaigeuza juu chini. Binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji.

"Hiki ni nini?"

"Pikipiki, mwalimu mkuu. Ina abiria."

"Mgeni rasmi akiuliza, nimwambie ni pikipiki au ni andazi?"

Mama wa uji akacheka, kisha akaona uso wangu akanyamaza. Mwalimu mkuu akaendelea.

"Sikiliza, mwalimu. Barua inasema utamaduni wetu. Hapa mimi naona kijiwe cha bodaboda. Tunataka vyungu, vibuyu, vitu vya asili."

"Watoto wa miaka sita hawafinyangi chungu kikasimama. Ufundi huo ni wa miaka."

"Najua. Kwani wewe unadhani shule nyingine zitapeleka kazi za watoto? Mwaka juzi shule moja ilileta kitanda cha kamba. Kitanda kizima! Mtoto wa awali asuke kitanda?"

"Kwa hiyo na sisi tudanganye?"

"Usitumie maneno makubwa. Tunawasaidia watoto. Bibi yule wa bondeni ana vyungu vidogo vya mboga. Chukua sita."

Hapa ndipo hasira yangu inapogawanyika, na sehemu kubwa inanirudia mwenyewe. Nilipaswa kukataa. Nilijipa sababu: mimi ni wa kujitolea, sina cheti, nikigombana naye atanitoa, na akiniondoa watoto watakaa bila mtu. Sababu zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyogeuza kitendo kuwa chema. Mama wa uji alitumwa kwa bibi, akaambiwa aseme ni vya matumizi ya shule. Mwalimu mkuu akasema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa wote, kwa hiyo niandike kadi. Nikaandika. Kadi sita, kwa wino mweusi, kwa herufi zilizonyooka: chungu cha asili, kimefinyangwa na fulani, umri miaka sita. Mtu aliyeandika kwenye jalada la daftari kwamba mkono wa mtu mzima usiingie, mkono wake ndio ulioandika uongo. Kadi moja ilikuwa na jina la yule binti. Alichaguliwa kwa sababu ana sare mpya.

Siku ya maonyesho tuliondoka asubuhi na mapema kwa gari la kukodi, watoto sita, mwalimu mkuu na mimi. Njiani aliwafundisha. "Mkiulizwa nani amefinyanga, mnasema nini?" Watoto wakaitika pamoja, "Nimefinyanga mwenyewe!" Walirudia mpaka Korogwe, wakiimba kama wimbo wa mchakamchaka. Watano walifurahia. Binti hakuimba. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Pikipiki yangu ipo kwenye boksi gani?" Nikamwambia imebaki jikoni. Akauliza kama itakuja na gari jingine. Nikamwambia haitakuja.

Meza zilikuwa zimepangwa chini ya turubai. Nilizipitia zote kwa utaratibu, meza kwa meza, maana nilitaka kujua kama sisi ndio waovu peke yetu. Niliona mkeka wa ukindu wenye rangi nne, uliosukwa kwa mkono usiotetemeka. Niliona kinu na mchi wake. Niliona vikapu ambavyo kule milimani hufumwa na wanawake wazima kwa wiki nzima. Kila kitu kilikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa na jina la mtoto wa miaka mitano au sita. Mtoto mmoja wa shule nyingine alikuwa ameweka pembeni ya meza yao samaki wa udongo, mbaya kabisa, mwenye macho mawili upande mmoja. Mwalimu wake alimwona, akamfunika samaki kwa kitambaa. Nilisimama pale nikatamani kulia. Turubai zima, na kazi pekee ya mtoto ilikuwa imefunikwa!

Majaji walikuwa watatu. Mmoja, mzee wa makamo mwenye miwani, alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotumaliza. Alichuchumaa hadi macho yake yakalingana na ya yule binti.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Chungu hiki kizuri sana. Nani amekifinyanga?"

Binti alinitazama. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kusema neno moja tu. Mikono yangu ilikuwa nyuma, kwa mazoea, na kinywa changu kilifungwa vilevile.

"Nimefinyanga mwenyewe," akasema.

"Aa! Na huu mdomo wa chungu, umefanyaje ukawa mviringo hivi?"

Hilo hakufundishwa garini. Nilidhani atakwama, na nakiri kwamba nilitamani akwame. Lakini mtoto huyu amekua karibu na wafinyanzi, ameona.

"Nimezungusha na gunzi," akasema. "Halafu nikalainisha na jiwe."

Jaji akapiga makofi. Watu wakapiga makofi. Meza yetu ikapewa nafasi ya pili, na binti akapewa cheti chenye muhuri na madaftari kadhaa. Mwalimu mkuu alimbeba juu, akapigwa picha. Katika picha hiyo, ambayo nimeiona, kila mtu anacheka isipokuwa mtoto aliyebebwa.

Tuliporudi nilikwenda jikoni moja kwa moja, nikaishusha pikipiki yake kutoka kwenye uchaga, nikampa. Niliamini, kwa ujinga wangu, kwamba kitu halisi kingefuta kile cha uongo. Hakuipokea.

"Si pikipiki," alisema. "Ni andazi."

Wenzake wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Alicheka kama watu wazima wanavyocheka kitu wasichotaka kuulizwa.

Bibi mfinyanzi alipata habari, maana mjini Korogwe ana wajukuu na picha zilisambaa kwenye simu. Alikuja shuleni na fimbo yake, akasimama katikati ya uwanja.

"Nasikia nina mwenzangu wa miaka sita," alisema. "Yuko wapi nimwamkie? Maana chungu chake nimekiona, na kidole changu kimo ndani yake."

"Bibi, tumekosea."

"Mmekosea nini? Mngeniambia, ningekuja mwenyewe nikae mezani. Mimi miaka yote hii hakuna aliyenipa hata karatasi. Mtoto kapewa. Naye mtoto, mmemfundisha nini? Kuchukua kidole cha mtu?"

Kwa kadi moja tuliwaibia watu wawili: mzee kazi yake, na mtoto ya kwake.

Nilikwenda pia kwa mama wa binti. Nilidhani hajui. Cheti kilikuwa ukutani sebuleni, kimewekwa ndani ya nailoni kisipate vumbi. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, bila kuficha kadi.

"Mwalimu," alisema, "mimi mama yake. Nitashindwaje kujua kama mwanangu anaweza kufinyanga chungu? Nani hajui? Wote wanafanya. Mwache mtoto afurahi."

"Anafurahi?"

Alikunja kanga aliyoishika, akaikunjua.

"Ameanza tena kunipa mguu nimvalishe kiatu," alisema.

Barua ya mwaka huu ilikuja mapema. Nilimjibu mwalimu mkuu kwa maandishi, nikabaki na nakala: tutapeleka zilizofinyangwa na watoto, zikiwa kama zilivyo, au hatupeleki kitu. Hakuniondoa. Alinipigia simu akasema, "Basi shikizi hamtakwenda," na sauti yake haikuwa hata ya ukali. Kwenye kikao cha shule wazazi waligawanyika. Baba mmoja aliniuliza mbele ya watu kwa nini nawanyima watoto cheti kwa ajili ya pikipiki zilizopinda. Nilimwambia cheti cha uongo humfundisha mtoto jambo moja tu, kwamba mikono yake haitoshi. Akasema mimi ninasoma vitabu mno. Wengine wakacheka. Sikucheka, na sitacheka. Watu wazima tuliojaa turubai lile, wenye vyeti na tusio navyo, tulikuwa na jambo moja dogo la kufanya, kukiacha kibaya cha mtoto kikae mezani, na wote tulishindwa.

Udongo uliletwa wiki mbili zilizopita. Nilipanga madonge kwenye ubao, watoto wakayavamia. Yule binti, ambaye sasa yuko darasa la kwanza hapahapa kwetu, alikaa pembeni ameficha mikono kwapani.

"Donge lako hili hapa," nilimwambia.

"Mwaka huu mtanunua kwa bibi yuleyule?"

"Hatununui. Mwaka huu hatuendi Korogwe."

Alichungulia madonge ya wenzake.

"Sasa tukifinyanga, nani ataangalia?"

"Mimi nitaangalia."

"Wewe tu?"

"Mimi na wewe."

Alilitazama donge, akaligusa kwa kidole kimoja, kikaacha shimo dogo. Kisha akakifuta kidole kwenye sketi.

"Siwezi," alisema, akaenda kucheza.

Sikumwita. Wenzake wamemaliza, kazi zao ziko juu ya meko, na mama wa uji ameanza tena kuzitania. Donge la yule binti nimelizungushia gunia bichi na kuliweka kwenye ndoo yenye kifuniko, nyuma ya mlango, mahali anapopaona akiwa amekaa. Kila asubuhi nalinyunyizia maji ili lisikauke. Jana nilikuta gunia limefunguliwa na kufungwa tena upande mwingine, si kama ninavyolifunga mimi. Nimeliandika hilo kwenye daftari, na sijamwuliza mtu yeyote.